Usikilizwe, Lakini Usizidi

Kilburn High Road upande mmoja ni Brent, upande wa pili Camden. Anayerusha taarab kwa intaneti kutoka hapo ana mabwana wawili vilevile: PRS for Music inayodai kwa niaba ya watunzi, na PPL inayodai kwa waliorekodi. Haki yao, mpiga fidla naye anakula. (Kama senti zenyewe zinamfika, hilo ni shairi jingine.) Kichekesho kiko kwenye hesabu. Mwenye mnara wa FM akiwa na wasikilizaji kumi au elfu kumi, umeme ni uleule. Mtandaoni, bei ikipangwa kwa kila wimbo na kila msikilizaji, mapenzi ya watu ndiyo deni. Chukua kiwango cha Marekani cha mwaka 2021, dola 0.0021: nyimbo 15 kwa saa, wasikilizaji 1,000, ni dola 31.50. Tangazo la bucha la halali litazirudisha lini?

Watasema ndiyo biashara, mteja akizidi na gharama huzidi. Sawa, ila FM ya Marekani huwalipa watunzi tu. Mwimbaji haambulii hata senti, ilhali mtandaoni analipwa. Watasema tena, vituo vidogo vina leseni nafuu. Vinazo, zenye ukomo wa usikilizwaji, yaani msamaha unadumu mradi usipendwe. Hata Pandora, redio ya mtandaoni ya Marekani yenye mitaji yake, ilishindwa kuafikiana juu ya viwango ikafunga huduma Uingereza Januari 2008. Mtangazaji wa Kilburn basi aombe dua mapema: Mola, nipunguzie wasikilizaji.