Kidani cha Kifuniko: Mwongozo wa Kujipamba Bila Sonara

Dhahabu imepanda hata ukipita mbele ya duka la sonara unaona haya kutupa jicho. Usihuzunike. Nyumba yako ya vyumba viwili huko Mtongwe, Mlaleo au Chaani ni mgodi, basi tu hujauchimba.

1. Tafuta malighafi. Ngoja mama aende Kongowea kununua mboga, kisha ingia jikoni. Vifuniko vya soda ni vyako. Kifuu cha nazi ni chako, mradi ukiwahi kabla hakijatiwa motoni. Kufuli iliyopoteza ufunguo chukua, mna shaba humo. Vijiko vya biriani usiviguse, hata kama kimoja kinapinda vizuri kama bangili: ni vya wageni, na ni sita. Waya wa nguzo ya stima ndio usiuote kabisa. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa miezi kadhaa kwa ajili ya wabunifu wa namna hiyo.

2. Fanya kazi. Kifuniko kigonge kwa nyundo kilale, kitoboe kwa msumari juu ya ubao, kisha sugua kingo kwa msasa, la sivyo utauza kipuli pamoja na plasta. Kifuu kikate kwa msumeno wa chuma, kisugue mpaka kiteleze, ukipake mafuta ya nazi. Kitang'aa kama mpingo. Ndara iliyokatika ikate vipande vidogo, uvitunge kwa mshipi wa kuvulia. Huko Lamu mafundi walilivika jahazi la mita 9 ndara zipatazo 30,000 zilizookotwa fukweni, likashushwa majini mwaka 2018. Wewe wataka moja tu. Hakikisha mwenyewe hayumo msikitini anaswali.

3. Jaribu uimara. Maabara ni feri ya Likoni, na mwenda kwa miguu halipi. Panda saa moja asubuhi. Kipuli kikivuka na wewe na sikio likivuka pia, kazi ni nzuri. Kikinasa kwenye buibui la mtu usiyemjua, msalimie kwa adabu; mtashuka pamoja.

4. Panga bei. Jirani atauliza, "Si kifuniko cha soda hiki?" Kwake ni shilingi 20, tena kwa mkopo. Mtalii wa ufuoni hakisikii kikiitwa kifuniko, anasikia "sanaa rafiki kwa mazingira". Kwake ni 1,500. Kifuniko ni kile kile, kilichotoa povu ni bei.

5. Usijione mvumbuzi. Ukishaanza kujiita msanii, panda matatu ushuke Bombolulu. Tangu mwaka 1969 mafundi wenye ulemavu wa viungo wanatengeneza mikufu na vipuli pale, na kazi yao imevuka bahari. Tazama wanavyofunga ncha ya waya, halafu tazama yako. Rudi nyumbani kimya kimya, uifungue uifunge upya.

6. Vaa harusini. Mtihani wa mwisho ni usiku wa kupamba, ukumbi umejaa wanawake na dhahabu ya kweli. Shangazi atakishika kipuli, akigeuze, asome jina la soda lililobaki. Usitetemeke. Atakuambia kwamba nyanyake alikuwa akiviringa vipande vya karatasi za rangi, akavitia sikioni vikawa majasi, na harusini hakuna aliyemzidi. "Ila yeye," atamalizia, "hakumuuzia mtu karatasi kwa elfu moja na mia tano."

Cheka naye. Kisha shusha mkono wa buibui taratibu, ufunike bangili. Mama amekaa meza ya pili, na tangu mlipofika midomo yake inahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano.