Babu Kaota Meno

Baba mdogo ameota tena. Simu yake hainifikii mpaka Babu awe keshamtokea, na Babu hamtokei mpaka ufuta uwe umeshauzwa. "Mwanangu, mzee kaja jana usiku. Kasimama mlangoni, kanuna." Nikauliza anataka nini. Hitma, makaburi yafyekwe, na mbuzi. Jogoo hatoshi, alisisitiza marehemu.

Babu niliyemjua mimi hapa Miteja alikula ugali wa muhogo kwa kisamvu, kisha akajikalia barazani kubwia ugoro wake. Pilau aliionja Idi kwa Idi. Tangu azikwe kaota meno mapya!

Mimi ndiye mjukuu wa kwanza, tena nimebeba jina lake, kwa hiyo kila deni lake linaniita kwa jina. Nilidhani mzigo huu ni wetu watu wa Kilwa, mpaka niliposoma habari za Confucius, mzee wa China aliyefariki mwaka 479 kabla ya Kristo. Kumbe kwao pia zamani sadaka za wahenga zilimwangukia mtoto wa kwanza wa kiume, na mzazi akifa msiba wake ulikuwa miaka 3. Sisi arobaini tu tunaimaliza kwa sukari ya mkopo! Mwanafunzi wake, Zai Wo, alithubutu kusema mwaka mmoja unatosha. Mzee akamjibu: kama roho yako inakupa kula wali na kuvaa hariri, haya, kula. Zai Wo alipotoka tu, akasemwa: mtoto hubebwa na wazazi miaka mitatu, huyu je, hakubebwa? Huyo Zai Wo ni ndugu yangu wa damu.

Ila Wachina wana akili. Mwezi wa 4, siku yao ya kufagia makaburi, Qingming, huenda Gongo la Mboto kuweka maua kwa wenzao waliofia huku wakati wa kujenga reli ya TAZARA. Ua halichinjwi, wala halitaki ndugu arobaini wa kusaidia kulila. Nikampa baba mdogo wazo hilo.

"Unataka kumlisha baba yangu majani?"

Nikanunua mbuzi. Yasini ikasomwa, ubani ukafuka, na paja zima likaingia ndani kwa baba mdogo, kwa niaba ya marehemu.

Usiku ule Babu akanijia na mimi. Hakununa hata kidogo. Aliuliza tu kama nina ugoro.

Asubuhi nikamsimulia baba mdogo. Akamaliza kwanza tonge la kiporo.

"Hiyo siyo ndoto, mwanangu. Umelalia mkono."