Baiskeli Isiyo na Mzigo

Wa kulaumiwa ni Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, nami, mwalimu mwenye kitambi na bando la kuhesabu, nikayatazama kwenye simu siku nane mfululizo. Simu nayo ikishajua udhaifu wako haikuachi. Ikaanza kuniletea video za wazungu huko Ulaya: kijibarabara kimepenya msitu wa mialoni, miti ambayo mimi nimeisoma vitabuni tu, kivuli kimetanda kama turubai la harusi, mbele kuna kijiji chenye kanisa la mawe la miaka 700. Mwendeshaji anashuka, anaagiza kahawa, anafuta jasho ambalo mimi sikuliona.

Nikajiuliza, mimi nimekosa nini? Barabara ninayo. Miti ipo. Vijiji vipo. Na daktari ameshaniambia sukari yangu imeanza kupanda ngazi, heri na mimi nipande kitu. Kitu kimoja tu sikukitia kwenye hesabu: kwamba nakaa Garissa.

Baiskeli niliipata Nairobi, ya mtumba, ya mashindano, ile ambayo usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo dume. Ikapanda juu ya basi, ikasafiri kilomita 370 hivi, na nauli yake ikakaribia yangu ingawa haikukalia kiti wala haikusinzia begani mwa mtu. Fundi wa mtaani kwetu amezeeka na Black Mamba, zile zinazobeba magunia mawili na mwenye magunia juu yake. Aliibinya tairi yangu kwa vidole viwili, akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, hii ni tairi au mpira wa suruali?"

Akatafuta keria, hakuna. Madigadi, hakuna. Stendi, hakuna. Kengele, hakuna. "Walikuuzia nusu?" Nikamweleza kwamba wepesi ndio unaouzwa, kadiri vitu vinavyopungua ndivyo bei inavyopanda. Akanyamaza kidogo, kisha akamwita mwenzake wa duka la pili aje asikie kwa masikio yake. Ili kuokoa heshima nikawatajia Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akanolewa na David Kinjah kule Kikuyu, mpaka akashinda Tour de France mara 4. Fundi alisikiliza hadithi yote kwa adabu, halafu akauliza swali moja tu.

"Alikuwa anabeba nini?"

Jumamosi ya kwanza niliamka mapema, nikavaa kaptura ya kubana ya waendesha baiskeli, nikatoka. Jirani yangu muuza chai, mama mtu mzima ambaye hata mwalimu mkuu wetu humwamkia kwa kuinama, alijifunika uso kwa mtandio. "Mwalimu, rudi ndani umalize kuvaa." Nikarudi, nikafunga kikoi juu ya kaptura. Mimi mtu wa Mombasa, kikoi si kigeni kwangu, ila sikuwa nimewahi kukipeleka mbio. Mita mia mbili tu, upindo ukaingia kwenye cheni. Nikasimama katikati ya barabara nimefungwa kwenye baiskeli kama mbuzi wa Idi, nikingoja mpita njia mwenye kisu.

Msinidhanie mvivu. Nilijaribu tena Jumamosi iliyofuata, safari hii na suruali ndefu, baada ya sala ya alfajiri. Wale wa Tour de France wanalia na milima. Sisi hatuna. Garissa ni tambarare kama sinia. Mwinuko pekee ni tuta la barabarani, na kila tuta lina mwenyewe: mtoto, mbuzi, au bodaboda anayevizia abiria. Badala ya mlima tumepewa jua. Mlima una kilele na ukifika unateremka. Jua la Garissa likishapanda, anayeteremka ni wewe.

Lakini jua nalisamehe, kwa kuwa halinisemeshi. Watu ndio walionimaliza. Nilikuwa sijafika mwisho wa mji, bodaboda wa kwanza akapunguza mwendo ubavuni mwangu. "Adeer, pikipiki imeharibika?" Adeer ni kama sisi wa pwani tunavyosema ami, neno la heshima, na huwezi kumkaripia mtu aliyekuita ami. Nikamwambia sina pikipiki. Akasikitika zaidi. Wa pili akauliza kama nimeibiwa. Wa tatu akasema nipande tu, nauli nitamlipa mshahara ukiingia. Mwenye tuktuk akajitolea kunibeba mimi na baiskeli yangu bure, kwa ajili ya Mungu. Kila mmoja nilimjibu kwamba naendesha kwa kupenda, na kila mmoja alinitazama kama mtu aliyesikia habari za msiba kabla ya wenye msiba.

Kwenye kizuizi cha barabarani mambo yakawa marefu kidogo.

"Unatoka wapi?"

"Mjini."

"Unaenda wapi?"

"Mbele, halafu narudi."

"Mbele kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Sasa unafuata nini?"

Wallahi sikuwa na jibu. Kitambulisho changu kilisomwa mbele na nyuma, na yule askari kijana aliponirudishia, alinishauri nipumzike.

Niliposhika njia ya kusini nikasema, sasa ndio tumeanza. Kiasi cha kilomita 5 kutoka mjini kuna hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, na hilo Ulaya nzima hawanalo: unakanyaga pedeli huku twiga mwenye mabaka ya wavu anakutazama toka juu, anatafuna mgunga taratibu, hana swali hata moja. Ndiye kiumbe pekee aliyeniheshimu siku ile. Nilipunga mkono. Na huo mkono uliopunga ndio ulioniponza, maana baiskeli ilitoka lami ikagusa kando ya barabara, na kando ya barabara kuna mathenge.

Huu ndio mwaloni wetu. Kwao ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa Baringo na Bura kwa nia njema kabisa, uzuie jangwa na kuleta kuni. Kama jangwa umelizuia sijui, mimi ulinizuia. Mwiba wake unatoboa kiatu sembuse mpira wa suruali. Watu wa Baringo walichoka nao hata wakaishtaki serikali, wakamfikisha mahakamani Nairobi mbuzi aliyemalizwa meno na maganda yake matamu. Laiti ningalijua, ningalipeleka tyubu yangu ikae kizimbani kando ya yule mbuzi.

Pancha ya kwanza niliiziba. Ya pili nikaiziba. Ya tatu ikanikuta na kiraka kimoja, na gundi ilikuwa imekaukia kwenye kasha lake kwa joto. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Penye mathenge hapana tyubu. Nikaikokota baiskeli mpaka bula moja, kijiji kidogo kando ya njia, nikamkuta mzee amekaa kivulini na bakora yake. Nilipomwonyesha miiba akauliza kwetu wapi. Nikasema Mombasa. Akatikisa kichwa. Huyo mzee alijua kwamba mathenge humu nchini ulitangulia kupandwa huko kwetu, kwenye machimbo ya Bamburi, mwaka 1973. "Mti mlituletea nyinyi," akasema. "Sasa umekujua."

Kwa kuwa nilikuwa nimekwama, nikaona angalau nipate kile kijiji cha kihistoria. Nikamuuliza bula hii ina umri gani.

"Hii? Tangu mvua iliyopita."

"Na ya zamani iko wapi?"

Akanyoosha bakora kuelekea ngamia watatu waliolala. Ikanibidi nifikiri kidogo. Nyumba ya mfugaji ni fito za kupinda na mikeka. Wakati wa kuhama kina mama huifungua, wakaipakia juu ya ngamia, ikaenda kusimamishwa penye malisho. Wazungu wamejenga historia yao kwa mawe ili isiwatoroke. Sisi wa pwani vivyo hivyo: magofu ya Gede yamekaa palepale karne na karne yakingoja watalii. Huku historia inatembea, tena inabeba vyombo vyake. Mimi na baiskeli yangu ya maelfu ya shilingi tulikuwa ndio vitu pekee pale vilivyotoka safari bila kubeba kitu.

Mke wa mzee aliliona hilo kabla yangu. Alinipa chai ya maziwa ya ngamia, akangoja nimalize, kisha akauliza kama narudi mjini. Ndio, mama. "Mikono mitupu?" Akaingia ndani, akatoka na mtungi wa lita tano za maziwa na jina la mwanamke wa sokoni wa kumpelekea. Kukataa ningekataaje, na chai yake ilikuwa tumboni mwangu?

Tulirudi mjini juu ya mkokoteni wa punda, mimi, maziwa, baiskeli na mitungi mitupu ya maji. Kijana mwenye punda aliitazama baiskeli njia nzima. Tulipofika akaniuliza, "Adeer, hii ni ya kubeba mzigo gani?" Nikamwambia ni ya kunibeba mimi. Akamtazama punda wake, akanitazama mimi, akasema basi leo imepumzika.

Tangu hapo kila Jumamosi nina kazi. Fundi amenifungia keria, madigadi na kengele, na tairi nene kadiri fremu ilivyokubali; wepesi wote nilioununua ameuondoa kwa bei nafuu. Kwenye kizuizi naulizwa nimebeba nini, nasema maziwa, napita. Bodaboda wananipigia honi za salamu. Hakuna anayenihurumia tena. Nimekuwa mtu anayeeleweka, na sijawahi kusumbuliwa hivi maishani mwangu. Malipo sipati, kwa sababu mwalimu halipwi, anaombewa dua. Na nikichelewa nagombezwa na wanawake wawili, mmoja kila mwisho wa barabara.

Juzi nilipata pancha mbili. Maziwa yaliondoka mabichi. Kwa jua na kutikisika yakafika yako njiani kuwa susa, maziwa ya kuchacha. Yule mama wa sokoni alifungua kifuniko, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Hakunifokea. Aliniwekea mkono begani kwa upole, kama anavyoambiwa mzee wakati wake wa kustaafu umefika.

"Usijali, Mwalimu. Wiki ijayo tutatafuta punda."