Nusu Nondo Haiingii Kwenye Mfumo

Kosa langu ni moja tu: niliwahi kutengeneza printa mbele ya Mzee. Karatasi ilikuwa imekwama, nikaivuta. Tangu siku hiyo mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta wa duka zima. Kwa hiyo Mzee aliporudi safari na kadi ya mtu aliyekaa naye kwenye ndege, akaniita. "Kijana, tunataka mfumo. Wa kwenye intaneti, niangalie mauzo nikiwa nyumbani. Utachagua wewe."

Sisi tunauza vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam, jumla na rejareja. Mimi ni mtunza stoo.

Wa kwanza kuja alikuwa bwana wa suti, Februari, joto lile. Alitamka "suluhisho" mara nyingi hadi nikaanza kulitafuta tatizo. Akatusimulia jinsi watu watano waliotoka IBM walivyoanzisha SAP kule Ujerumani mwaka 1972, Mzee akitikisa kichwa kama aliyesoma nao. Yeye mwenyewe alikuwa akiuza kitu kingine kabisa. Bei ikaja: dola, kwa kila mtumiaji, kila mwezi. Mzee akahesabu watumiaji kwa vidole, akauliza kama hatuwezi kutumia paswedi moja kwa zamu.

Wa pili alikuwa kijana wa begi mgongoni. Huyu alihubiri programu huria: kuna Odoo ya Wabelgiji, kuna ERPNext ya Wahindi, zote unaweza kuzisimika bila kulipia leseni. Mzee akakaa wima. Mimi nikauliza nani atasimika, nani atafundisha, nani atakuja mfumo ukigoma siku ya mwisho wa mwezi. Kumbe ni yeye, yeye, na yeye tena, kwa malipo. Kwa hiyo bure ipo, ila ina mwenyewe.

Wa tatu alikuwa mpwa wa Mzee. Anajua PHP. Angeandika mfumo wetu kuanzia sifuri, kwa wiki mbili. Nikamuuliza, ukipata kazi mbali, nani ataufungua? Akanijibu kwamba namba yake ya WhatsApp haibadiliki.

Wote watatu walionyesha grafu nzuri. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza chochote dada wa kaunta, ambaye ana miaka 11 akiandika mauzo kwenye daftari. Ikabidi aulize yeye.

"Kaka, nusu nondo naiandikaje?"

Suti akatabasamu, akaandika 0.5. Mfumo ukakubali, makofi. Dada hakupiga. Akaeleza: nondo tunanunua kwa tani, tunauza kwa kipande, na fundi wa linta akitaka nusu tunamkatia. Nusu inayobaki inarudi stoo. Kesho tunakata nyingine, na nusu yake inarudi. Mfumo utajumlisha nusu mbili uone nondo nzima. Atakuja mteja mwenye haraka na Kirikuu anataka nzima, kompyuta itamwambia ipo, na mimi nitatoka stoo nimebeba vipande viwili kama mtu wa mchi na kinu.

"Hiyo tutaiweka awamu ya pili," akasema Suti.

Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi tuliyonayo tangu zamani, itaongea na mfumo? Awamu ya pili. Mali kauli je? Hapa alikwama hata kwenye neno. Fundi anachukua mifuko 20 ya saruji, analipa bosi wake akimtoa. Mfumo unadai tarehe ya kulipa. Tarehe anaijua huyo bosi, na bosi hapokei simu.

Hata hivyo, Mzee alipenda rangi za grafu. Tukapewa mwezi wa majaribio, kila kitu kikiwa kwenye wingu. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za intaneti zikakatika chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Jumatatu asubuhi mafundi wamejaa, na kwenye skrini kile kiduara kinazunguka tu. Dada akainama, akachomoa daftari chini ya kaunta. Hakuwa amelipeleka popote. Saa nne Mzee, aliyetaka kuangalia mauzo akiwa nyumbani, akafika dukani kwa daladala ya miguu yake, kuyaangalia kwa macho.

Suti hakurudi. Mpwa alipata kazi mbali kweli. Tukabaki na kijana wa begi, na seva yake imekaa chini ya ngazi, jirani na rangi za mafuta. Inafanya kazi, nisiseme uongo. Mchana dada anaandika kwenye daftari, jioni anaingiza yote kwenye mfumo, na Mzee anaona grafu. Kazi moja imekuwa mbili, mshahara umebaki mmoja.

Jana nimehesabu stoo: vipande 17 vya nusu. Mfumo unasema nondo nane na nusu.