Mawe Kumi na Moja ya Mzee Kobe

Hapo kale, na kale yenyewe si ya mbali, wanyama wa kijiji kimoja cha chini ya mbuyu waliwaacha watoto wao kwa Shangazi Kanga kila kulipopambazuka. Tembo alikwenda kubeba magogo, Nguchiro kulinda maghala, Mama Tumbili kuokota korosho za watu kwa ujira wa kutwa. Kanga hakuwa na jino hata moja, wala mama yake hakuwa nalo, wala bibi yake. Lakini alikuwa amekaa na watoto wengi fizi zao zikipasuka, akazijua dalili kuliko wenye meno wenyewe: udenda unaolowesha kifua, ngumi isiyotoka mdomoni, uji unaotemwa, kilio cha mtoto aliyechoka asiyeweza kulala.

Mtoto wa Tumbili alipofika miezi saba, fizi yake ya chini mbele ilivimba ikawa nyekundu. Hapo ndipo hutangulia kuota, kwa kawaida, mawili ya kwanza kati ya meno 20 ya utotoni. Jioni Kanga akamngoja mama mlangoni.

"Mama, mtoto anaumwa fizi. Nimempa kitambaa cha baridi atafune, nimemsugua kwa kidole kisafi, hakutulia. Niruhusu nimpe parasetamoli mchana."

"Hapana, Shangazi. Dawa za walezi tunazijua. Mtoto alale, mlezi apumzike."

Kauli ile haikutoka hewani. Wapo walezi waliomnywesha mtoto dawa ya mafua ili asinzie, na kila mama anayeacha mwanawe mikononi mwa mwingine amelisikia hilo na kwenda nalo kazini. Lakini wapo pia walezi, nao ni wengi, wanaobaki peke yao na kilio tangu asubuhi hadi magharibi, huku mtoto wa pili akivuta nguo na wa tatu akidai chakula, na jioni hakuna anayewauliza siku ilikwendaje.

Kanga akasema, "Sawa, mama." Kesho yake mtoto alilia hadi sauti ikakauka. Akampa kijiko kimoja saa mbili, kingine saa sita, kingine saa kumi, na mtoto akanyamaza. Hakumwambia mtu. Angesema angefukuzwa, na mtama wake wa mwezi ulitoka kwa Mama Tumbili na wenzake.

Mama Tumbili naye alikuwa na lake. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kumfunga mtoto mgongoni, alimpa kijiko kimoja, kwa sababu mtoto alikuwa anachemka na Kanga hapokei mtoto mwenye homa asije akaambukiza wenzake. Siku isiyo na kazi haina ujira. Saa moja jioni alimpa tena. Hakumwambia mtu, kwa kuwa ni yeye aliyetangaza kisimani kwamba mwanawe halelewi kwa dawa.

Na usiku, Baba Tumbili, ambaye katika mabishano yote hayo hakuulizwa neno, aliamka mara mbili. Alikuwa na chupa yake aliyoinunua dukani kwa Sungura, yenye jina jingine kabisa. Ndani ilikuwa parasetamoli ileile. Alipima gizani, kwa kijiko kikubwa cha mezani.

Wakati huo ugomvi ulikuwa umeshatoka mlangoni kwa Kanga ukaingia kijijini. Wenye meno walisimama na Tumbili. "Asiye na jino atajuaje uchungu wa jino?" Wasio na meno, Kuku na Bata na ukoo wote wa mabawa, walisimama na Kanga. "Anayeondoka alfajiri akarudi magharibi atajuaje mtoto alivyolia?" Wakakaa baraza jioni mbili. Walizungumzia heshima ya mzazi, heshima ya mlezi, malezi ya zamani na malezi ya siku hizi. Mtoto alikuwapo barazani muda wote, mgongoni kwa mama yake, mwili wake ukiwaka moto. Hapa ndipo hekaya hii huniuma. Wanyama wote wale walikuwa wanampenda, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kumgusa paji la uso.

Penye ugomvi wa namna hiyo wauzaji hawakawii. Fisi alikuja na chupa zisizo na lebo, akasema ni dawa ya meno ya watoto, tamu, na inatuliza mara moja. Korongo, aliyekuwa amefika na mvua kutoka nchi za mbali, akasimama. Alisema kwamba nchini Nigeria, kuanzia mwaka 2008, watoto zaidi ya 80 walikufa kwa dawa ya maji iliyouzwa kuwa ya kutuliza uchungu wa meno, kwa sababu ilikuwa na dietilini glikoli, kemikali ya viwandani inayoua figo. Alisema kwamba Uingereza nako, hadi miaka ya 1950, mama waliwapa watoto poda za meno zenye zebaki, wakawaona wakiumwa mikono na miguu hadi ikawa myekundu. "Nao walikuwa mama wenye upendo," akasema. Fisi akafunga kapu lake.

Akaja Nyani na spoki ya baiskeli. Akamfungua mtoto mdomo, akasema hayo si meno, ni meno ya plastiki, ndiyo yanayoleta homa na kuharisha, na dawa yake ni kuyang'oa leo. Nawasihi wasomaji wangu wasidhani spoki hii nimeitunga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa meno nchini Tanzania walikuwa wameshaandika kuhusu watoto wachanga waliochimbuliwa fizi ili watolewe kilichoitwa meno ya plastiki au ya nailoni. Kinachotolewa ni chipukizi la jino halisi, mara nyingi chonge. Mtoto huvuja damu, kidonda huoza, na wapo wasiorudi nyumbani. Anayebaki huweza kuota meno ya ukubwani yakiwa na kasoro, au jino lisiote kabisa.

Kelele za Nyani ndizo zilizomtoa zahanati Mzee Kobe, tabibu wa kijiji. Hana jino yeye pia, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo. Alimshika mtoto kwanza. Nyuzi 39. Mtoto alikuwa analegea, na alikuwa ametapika mara mbili tangu asubuhi.

"Jino haliwezi kuleta moto huu," akasema. "Jino huleta udenda na hasira, na joto likipanda hupanda kidogo tu. Mtoto wa umri huu kinga aliyopewa na mama yake tumboni inapungua, na kila anachookota anakitia mdomoni. Maradhi humfikia wakati uleule meno yanapoota, na jino husingiziwa. Sasa niambieni. Jana alipewa nini, saa ngapi, kiasi gani?"

Kimya.

"Siulizi nani mwema. Okoteni mawe. Jiwe moja kwa kila mililita 5."

Kanga ndiye aliyetangulia. Aliweka matatu chini, mbele ya wote, mabawa yakimtetemeka. Mama Tumbili alimtazama kwa hasira, kisha hasira ikamtoka usoni, naye akaweka mawili. Baba Tumbili alikaa kitambo. Akaweka matatu, kisha matatu mengine.

Yalikuwa mawe 11. Mtoto wa kilo 8, akasema Kobe, dozi yake moja ni miligramu 120, ambazo kwa dawa yao ni mililita 5, na baina ya dozi na dozi zipite saa nne au zaidi. Kwa siku nzima, mchana na usiku, mawe hayo yasizidi manne. Yanayozidi huumiza ini. Akamtoboa mtoto kidole, akapima tone la damu. Ilikuwa malaria, iliyofichwa na vijiko kila alfajiri.

Walivuka mto usiku huohuo kwenda hospitali. Mtoto alipimwa ini, akapewa dawa ya kulilinda, akapewa na dawa mseto ya malaria. Alirudi siku ya tano akiwa amekonda, meno mawili yakiwa yamechomoza.

Mwenye korosho hakubadilika. Siku isiyo na kazi bado haina ujira, na mimi naona kijiji kile kina deni hapo. Lakini mlangoni kwa Kanga pana daftari siku hizi, na kila mmoja huandika jina la dawa, kiasi na saa, hata kama alimpa kwa hasira. Fizi ya juu ilipovimba walibishana mlangoni mbele ya watu.

"Mpe sasa, Shangazi, asije akalia mchana kutwa."

"Baba yake ameandika saa kumi usiku. Kabla ya saa mbili simpi, mama. Na ikifika saa mbili anacheza, simpi pia."

"Mimi nimesema apewe."

"Akikataa uji nitampa. Asipokataa utanuna."

"Nitanuna," akasema Mama Tumbili, akamkabidhi mtoto, akaenda kazini.