Namna ya Kukagua Pipa Lisilokuwepo

Tafuta kwanza behewa tupu. Tabora hulikosi: reli ya Mwanza na ya Kigoma zinaachana hapo. Mvishe mkaguzi mwanafunzi miwani ya uhalisia ongezwa. Behewa litabaki na kutu yake na harufu yake ya tumbaku, ila pembeni litatokea pipa la urani ambalo halipo. Anajifunzia mahali penyewe pa kazi, na hakuna hata gramu moja ya hatari iliyosafirishwa kwa ajili ya somo.

Akiuliza kwa nini Tabora, mwambie misafara ya Wanyamwezi wa hapa ilifuata shaba hadi Katanga, Kongo, ambako Msiri, aliyetokea Unyamwezi, alijenga dola yake karne ya 19. Katanga hiyohiyo, kwenye mgodi wa Shinkolobwe, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa mabomu ya 1945. Miaka ya 1970 fimbo za fueli zilipotea katika kinu cha nyuklia cha utafiti cha Kinshasa, Kongo hiyohiyo. Moja ikaja kukamatwa Italia mwaka 1998. Nasi tuna urani yetu Namtumbo.

Sasa lipe pipa mionzi. Mwanafunzi akisogea, namba zipande; akirudi nyuma umbali mara mbili, zishuke hadi robo. Namba ya lakiri kwenye pipa itofautiane na ya kwenye hati kwa tarakimu moja. Asipoiona tofauti, arudie. Usimnong'oneze.

Kisha mlete mkulima wa tumbaku wa Urambo na mifuko yake ya mbolea ya NPK. Usiruke zoezi hili hata muda ukibana. Mbolea yenye potasiamu ina mionzi yake ya asili, na shehena kubwa inaweza kukiliza kipima mionzi. Mwanafunzi mwenye pupa atawaza pingu. Mrudishe mlangoni aanze upya: "Shikamoo mzee, naomba hati za mzigo." Asubiri kifaa kitambue ni mionzi ya nini. Kikisema potasiamu-40, amshukuru mzee na kumruhusu, mifuko ikiwa haijatobolewa. Msimu wa tumbaku haumsubiri mtu, na mkulima aliyedhalilishwa leo hatakuja kesho kutoa taarifa ya pipa aliloliona kweli porini.

Betri ya miwani ikizima katikati ya behewa, usisimamishe somo. Mpe tochi, hati ya lakiri na kipima mionzi, aendelee.