Barua ya Wazi kwa Mbunifu wa Mfumo

Mheshimiwa Mbunifu wa Mfumo,
Ofisi Isiyo na Dirisha,
Dar es Salaam (au Dodoma, kama nawe umehamia).

YAH: OMBI LA KUFUNGULIWA CHUO CHA KUNOA VIDOLE, OMURUSHAKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi watumiaji wa fomu zako za mtandaoni, wa Karagwe na Kyerwa, tumearifiwa, kwa maandishi mekundu, kwamba tumekosea. Hatukuambiwa tumekosea wapi, wala hatukutaka kukusumbua kwa kuuliza. Visanduku ni vingi, kosa limo katika kimojawapo, na kulitafuta kunachangamsha akili. Tatizo letu ni dogo tu: tukikaribia kulipata, muda unakwisha, fomu yote inafutika, na tunaombwa kwa adabu tuanze upya.

Chukua namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha Taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ndiyo tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mtu akishazibonyeza zote, kisanduku kinachofuata kinamuuliza: umezaliwa lini? Inafunguka kalenda ya mwezi huu, yenye kimshale cha kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Bibi aliyezaliwa mwaka 1952 atakigusa zaidi ya mara 800 ndipo afike mikononi mwa mkunga wake.

Halafu majina. Huku kwetu R na L hupokezana bila ugomvi. Mtu ni Rweyemamu kwenye cheti cha ubatizo na Lweyemamu kwenye kitambulisho, na kijiji kizima kinamwita kwa yote mawili. Mfumo unasema hao ni watu wawili, na hakuna hata mmoja wao anayestahili huduma.

Ndiyo maana steshenari zinatajirika. Kijana wa pale anakujazia fomu, anakufungulia barua pepe ambayo hutaisoma maisha yako yote, anakutungia neno la siri lenye herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama, kisha analiandika kwenye daftari la kaunta, mbele ya jina lako, kwa wino wa bluu. Siri za tarafa nzima zinalala chini ya mashine ya fotokopi. Huo ndio usalama uliotujengea.

Mkulima anaacha kahawa kwenye majamvi, anapanda bodaboda kutoka Nkwenda, analipa nauli, analipa steshenari, anarudi na "jaribu tena baadaye". Hiyo baadaye ikifika, dirisha la maombi limefungwa, mtoto kakosa nafasi, na ofisini baba anaambiwa alizembea. Hakuzembea! Mliozembea ni ninyi, mnaotengeneza kitu bila kumpa hata mtu mmoja wa kijijini akijaribu mbele ya macho yenu, na mwisho wa mwezi mshahara unaingia bila kuulizwa namba ya uthibitisho.

Samahani, Mheshimiwa. Hasira imetangulia barua.

Tunajua kupima si desturi yenu. Ni kweli wataalamu wa kazi hiyo, Jakob Nielsen na Rolf Molich, walieleza tangu mwaka 1990 namna ya kukagua mfumo kwa kanuni chache, na zile kumi alizozitoa Nielsen mwaka 1994 zinataka ujumbe wa kosa utaje tatizo kwa lugha ya kawaida na uonyeshe njia ya kutoka. Mwaka 2000 akasema watumiaji watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Watano! Omurushaka ungewapata kabla chai haijapoa. Ni kweli pia kwamba mwaka 2005 majirani zetu Kenya waliijaribu M-Pesa kwa watu wasiofika 500, ikiwa njia ya kurejeshea mikopo midogo. Wakawatazama, wakaona wanatumiana pesa wao kwa wao, wakaigeuza huduma iwafuate watu, na mwaka 2007 wakaizindua. Lakini hao walikuwa na haraka ya kueleweka.

Fundi akishona suruali isiyopita kiunoni, mteja humrudishia suruali. Ninyi mmeagiza tupunguze kiuno. Nasi tumekubali: kwa kuwa mfumo haubadiliki, tubadilishwe sisi.

Tunaomba Chuo. Kijengwe hapa njia panda, wa Kyerwa na wa Kayanga wakifikie sawia. Sifa ya kujiunga ni moja: uwe umeshindwa kujaza fomu ya kujiunga. Mwaka wa kwanza ni kunoa vidole. Gumba lililopanuliwa na jembe litapitishwa kwenye jiwe la kunolea panga hadi ligonge herufi moja bila kuamsha jirani zake. Mwaka wa pili ni ramli: mwanafunzi anapewa visanduku 12 vilivyojazwa sawasawa, anaambiwa kimoja kina kosa, akitaje kabla muda haujakwisha. Mwalimu naye hatajua jibu, ili tuende sambamba na ofisi yako. Mwaka wa tatu ni mafunzo kwa vitendo: kupanda kilima chenye mtandao, kupokea namba ya uthibitisho, na kushuka kuiandika kwenye kompyuta ya steshenari ikiwa bado hai. Atakayeongoza apelekwe Olimpiki. Mahafali yafanyike mtandaoni na yafutike katikati ya hotuba ya mgeni rasmi, ambaye ni wewe. Vyeti vitoke kwa R au L, ile isiyo yako.

Madogo mengine: ujumbe wa kosa uje kwa Kiswahili, hata kama ni tusi. Wenzetu wa Murongo, simu zao zikinasa mnara wa Uganda, wasihesabiwe wamehama nchi. Kitufe cha kufuta kisikae ubavuni mwa cha kutuma. Kisanduku cha namba ya nyumba kipokee "ulizia kwa mwenyekiti".

Endapo Chuo kitakuwa ghali, lipo ombi la akiba. Panda basi uje. Keti kwenye benchi la steshenari, mkabidhi bibi wa watu simu yenye fomu yako, kisha funga mdomo utazame. Usimwelekeze. Usimshike mkono. Akishindwa, aliyefeli ni wewe, na safari hii utaona kwa macho yako umekosea kisanduku gani.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtumiaji Batili,
Omurushaka, Karagwe.